Maswali ya Wasomaji: Mwaka Mpya, Bajeti Finyu na Sufuria ya Maharagwe

Barua za mwanzo wa mwaka zimekuja na nia mbili kwa mkupuo: kubana matumizi na kuhamia vyakula vya mimea. Tumechagua zinazogusa wengi.

SWALI: Pesa ya chakula ya mwezi naigawa mafungu manne, kila wiki fungu lake, na sivuki. Bado siku mbili tatu za mwisho nakaa na pochi tupu. Nakosea wapi?

JIBU: Kosa liko kwenye hiyo nne. Wiki nne ni siku 28, na mwezi wa namna hiyo ni Februari peke yake. Mwezi wa siku 31 unakudai siku tatu ambazo hukuzitengea kitu. Wiki 52 ukizigawa kwa miezi 12 unapata 4.33, basi gawa kwa 4.3. Katika kila 100 ya mwezi, fungu la wiki litashuka kutoka 25 hadi 23, lakini litakufikisha.

Kabla ya kugawa, weka kando kama asilimia 15 kwa ajili ya vitu vinavyonunuliwa mara moja na kutumika mwezi mzima: mafuta, chumvi, viungo, majani ya chai. Ukiviacha ndani ya mafungu ya wiki, wiki ya kwanza hubeba mzigo wote, nawe unaanza kukopa kwenye wiki ya pili bila kujijua. Asilimia hiyo ni ya kuanzia tu. Daftari lako litakuambia uipandishe au uishushe.

Na usianze Januari kwa kukata nusu. Andika kila kinachotumika kwa chakula kwa wiki mbili, hata kitafunio cha njiani, ndipo upunguze asilimia 10. Bajeti iliyokatwa kwa hasira haimalizi mwezi, na mara nyingi huvunjikia kwenye chakula cha kununua tayari, kwa kuwa mtu amerudi nyumbani amechoka na jikoni hakuna kilichopikwa.

SWALI: Niliambiwa kuacha nyama kutanipunguzia gharama. Mwezi wa kwanza gharama imepanda! Au mboga ni za matajiri?

JIBU: Kagua risiti zako. Tunabashiri utakuta soseji za mimea, maziwa ya lozi, jibini isiyo ya maziwa na makopo. Vitu hivyo unalipia kiwanda na pakiti. Maziwa ya lozi ya dukani, kwa mfano, mara nyingi hayafikishi hata gramu 1 ya protini kwa mililita 100. Sehemu kubwa ni maji.

Linganisha bei kwa protini, si kwa ukubwa wa pakiti. Chukua bei ya kilo, igawe kwa gramu za protini zilizomo kwenye kilo hiyo. Yakiwa makavu, maharagwe yana takriban gramu 220 kwa kilo, dengu 240, karanga 250, soya 360. Fanya hesabu hiyo mara moja kwa bei za unakonunua, ubandike karatasi ndani ya mlango wa kabati.

Kopo la gramu 400 la maharagwe, ukishamwaga maji, linabaki na gramu 240 hivi. Kiasi hicho unakipata kwa kupika gramu 100 za maharagwe makavu. Kwa hiyo nusu kilo kavu ni sawa na makopo matano. Ukiona bei za makopo matano zimezidi nusu kilo pamoja na moto wa kupikia, jibu unalo.

Kapu la wiki la mtu mzima mmoja mwenye kilo 60 hivi, asiyefanya kazi nzito sana: jamii ya kunde kavu gramu 700, nafaka kilo 2.1, karanga gramu 200, mafuta mililita 200, na mboga na matunda juu yake. Hiyo ni gramu 50 hadi 60 za protini kwa siku, zinazomtosha. Nafaka ina upungufu wa lisini, kijenzi kimojawapo cha protini, ambayo maharagwe yanayo kwa wingi, kwa hiyo kimoja kinaziba pengo la kingine. Si lazima vikutane kwenye sahani moja; ndani ya siku moja inatosha.

SWALI: Maharagwe yangu yanachemka saa tatu na bado ni magumu. Yakiiva, tumbo linajaa gesi nyumba nzima. Nataka utaratibu kamili.

JIBU: Haya, kwa nusu kilo. Chagua mawe na punje zilizobunguliwa, osha, kisha loweka katika lita 2 za maji yenye vijiko vikubwa viwili vya chumvi kwa saa 8 hadi 12. Ndiyo, chumvi. Ile imani kwamba chumvi inayagumisha ni ya kusikia tu: sodiamu huchukua nafasi ya kalisiamu na magnesiamu kwenye ganda, na ganda hulainika haraka zaidi. Kinachogumisha ni uchachu. Nyanya, ndimu, ukwaju na siki visikaribie sufuria mpaka punje ipondeke kwa vidole viwili.

Mwaga maji ya kulowekea, suuza, weka maji mapya yazidi maharagwe kwa vidole vitatu. Chemsha kwa moto mkali, kisha punguza na uache yatokote dakika 45 hadi 90. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuhara, na huvunjwa na mchemko wa kweli tu, angalau dakika 10. Sisi tunapendelea 30. Wenye sufuria za umeme zinazopika polepole wasiyatie humo mabichi, maana joto lisilofikia mchemko haliivunji sumu hiyo, na linaweza hata kuizidisha makali. Yachemshe kwanza jikoni.

Ukifanya yote hayo na bado ni magumu, sababu ni mbili. Ama maharagwe ni ya zamani, au yamekaa muda mrefu penye joto na unyevu, na hapo hata siku nzima haitoshi. Ama maji yako ni magumu. Kwa maji magumu, robo kijiko cha chai cha bekingi soda inasaidia. Ukizidisha, yanakuwa uji wenye ladha ya sabuni na vitamini B1 inapotea. Presha kuka huyamaliza yaliyolowekwa kwa dakika 10 hadi 15 baada ya kupata presha, ila usiijaze kupita nusu, maana povu huziba tundu la mvuke.

Gesi inatokana na sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzisaga. Bakteria wa utumbo mpana ndio wanaozichachusha. Sehemu ya sukari hizo hutoka na maji ya kulowekea, ndiyo maana tunayamwaga. Kingine ni mazoea. Aliyekuwa akila maharagwe mara moja kwa wiki asirukie mara saba: aanze na vijiko vinne kwa mlo, aongeze taratibu kwa wiki tatu. Katika kipindi hicho dengu nyekundu zilizopasuliwa ni rafiki zaidi. Hazihitaji kulowekwa na zinaiva kwa dakika 20.

SWALI: Je, nikila mboga za majani nyingi nitahitaji vidonge vyovyote?

JIBU: Vitamini B12, ikiwa umeacha pia mayai na maziwa. Mimea haina ya kutegemea, na hata spirulina inayosifiwa, ule mwani unaouzwa kama unga au vidonge, ina umbo lake lisilofanya kazi mwilini mwetu. Ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka, kwa hiyo mtu hujiona mzima, kisha ganzi za vidole na uchovu huja wakati neva zimeshaanza kudhurika. Foleti, yaani vitamini B9, iliyojaa kwenye mboga za majani inaweza kuficha dalili za upungufu wa damu huku neva zikiendelea kuumia. Kidonge cha mikrogramu 50 hadi 100 kila siku kinatosha, na kwa kawaida si ghali. Kiingize kwenye bajeti kama chumvi. Mjamzito na anayenyonyesha wapange kipimo na daktari.

Chumvi iwe yenye madini joto. Chai na kahawa zisogezwe saa moja mbali na mlo, kwani hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma, ilhali chungwa au pilipili hoho mbichi hufanya kinyume chake.

SWALI: Nilinunua maharagwe kilo 10 kwa bei ya jumla, na sasa yana wadudu. Niache kununua jumla?

JIBU: Usiache. Mayai ya wadudu mara nyingi huja na punje kutoka shambani au ghalani. Gawa kwenye mifuko ya kilo moja, laza kwenye friza wiki nzima, kisha iache ipate joto la chumba ikiwa bado imefungwa ili unyevu usiingie, na hamishia kwenye vyombo vyenye mfuniko unaobana. Nunua akiba ya miezi mitatu tu. Unga usiokobolewa nunua wa wiki chache, kwani mafuta ya kiini chake huchacha upesi na unga ukawa mchungu.

SWALI: Napika mara moja Jumapili ili kuokoa moto. Vinakaa siku ngapi?

JIBU: Kwenye friji, maharagwe na dengu zilizopikwa siku 3 hadi 4, za Alhamisi na kuendelea ziende friza tangu Jumapili, kila mlo kwenye chombo chake. Wali ndio wa kuuchunga. Mbegu za bakteria wake hazifi kwa kupika, na ukiachwa mezani saa nyingi huota na kutoa sumu ambayo kuupasha moto tena hakuiondoi. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, na uwe ndani ya friji kabla ya saa mbili kupita tangu ulipouepua.