Ukipata kadi ya adui asiyekumbukwa

Uhakiki wangu wa kwanza wa kadi ya Stilt-Man, moja ya zile kadi za kukusanya zenye wahusika wa katuni za Marvel, ulikuwa wa sentensi nne. Niliandika kwamba ni adui dhaifu, vazi lake halina mvuto, na kadi yenyewe ni ya kujazia albamu. Mdogo wangu akausoma, akaniuliza, "Kwani kaka, huyu jamaa anataka nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemhukumu mhusika ambaye sijasoma hata hadithi yake moja.

Nikaitafuta hadithi. Stilt-Man alijitokeza kwa mara ya kwanza mwaka 1965, katika katuni ya shujaa Daredevil toleo namba 8, iliyoandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Wally Wood. Jina lake halisi ni Wilbur Day. Ana miguu ya chuma inayorefuka kwa haidroliki, yaani kwa msukumo wa kimiminika, mpaka anafikia madirisha ya ghorofani, na akifika huko anaiba. Ukiishia hapo, kweli huoni cha kukumbuka. Lakini ndani ya hadithi hiyohiyo Day anakwenda ofisini kwa wakili Matt Murdock, ambaye ndiye Daredevil mwenyewe, akitaka amfungulie kesi bosi wake wa zamani, Kaxton, eti kwa kumwibia uvumbuzi wake. Kumbe mwizi ni Day. Mtu aliyeiba, kisha akathubutu kutafuta wakili wa kumshtaki yule aliyemwibia! Hapo nikaona nina adui mwenye tabia, na nyuma ya kadi yangu hapakuwa na neno hata moja juu ya jambo hilo.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: tenga upungufu wa mhusika na upungufu wa kadi. Mara nyingi adui anasahaulika kwa sababu waliomtengenezea kadi walichukua uwezo wake wakaacha shauku yake. Soma angalau toleo moja alilomo kabla hujaandika chochote. Utatumia nusu saa, na utaacha kurudia maneno ambayo kila mtu ameshayasema.

Kisha ipe picha muda wake. Kadi ya kawaida ina upana wa kama sentimita 6.4 na urefu wa 8.9, na huyu ni mtu ambaye kila kitu chake ni urefu. Ukimchora mzima, anakuwa kijiti. Ukimsogeza karibu uso uonekane, miguu inakatwa, na bila miguu anabaki mtu yeyote aliyevaa chuma. Mchoraji wa kadi yangu alichagua kumwonyesha mzima kutoka mbali, na kichwa chake kimekuwa kidogo kama punje ya mchele. Niliitazama kadi hiyo jioni nzima nikijiuliza mimi ningefanyaje. Ningesimama chini, karibu na unyayo wake, chuma kijaze nusu ya kadi halafu kiende kikisinyaa kuelekea juu, mpaka kwenye kichwa kinachochungulia dirisha la mtu. Jaribu zoezi hili kwa kila kadi unayoihakiki. Ukiweza kusema picha ingewekwa vipi, msomaji ataamini unaposema imekosewa.

Upande wa nyuma unahitaji tahadhari. Sisi tuliokua na seti ya kadi za Marvel Universe ya kampuni ya Impel ya mwaka 1990, kadi 162 na hologramu 5, tunakumbuka zile hesabu za mapambano: ameshinda mara ngapi, ameshindwa mara ngapi. Nilizipenda mno. Seti ya mwaka 1991 ikaleta vipimo vya nguvu, kasi, akili na kadhalika. Ni raha kulinganisha, ila usizifanye ndiyo uhakiki. Hazionyeshi zimehesabiwa kutoka matoleo gani, na adui mdogo daima atatoka na namba ndogo. Namba ndogo haimaanishi hadithi mbovu.

Hali ya kadi yenyewe isikuchoshe. Angalia pembe nne, angalia kama kingo za picha zimelingana pande zote, iinamishe kwenye mwanga uone mikwaruzo, basi. Sentensi mbili zinatosha.

Lugha nayo ichunge. Neno "takataka" nimelifuta kabisa katika maandishi yangu, kwa kuwa halimwambii msomaji chochote anachoweza kukihakikisha kwa macho yake. Badala yake nataja kitu: kichwa kama punje, mstari wa nyuma unaorudia jina lililoko mbele, rangi ya anga iliyomeza kijivu cha chuma.

Uhakiki wa Stilt-Man niliuandika upya, safari hii kurasa mbili. Mhusika nilimpa 7 kati ya 10, picha 4, maelezo ya nyuma 2. Mdogo wangu aliposoma alama hizo alinyamaza kidogo, kisha akaniomba lile toleo namba 8.