Riwaya mkononi mwa muuaji wa John Lennon

SWALI: Nimesikia aliyemuua mwanamuziki John Lennon alichochewa na riwaya. Kweli kitabu kinaweza kumtuma mtu kuua? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kitabu chenyewe ni The Catcher in the Rye cha J.D. Salinger, kilichotoka 1951. Usiku wa tarehe 8 Desemba 1980, Mark David Chapman, kijana wa miaka 25, alimfyatulia Lennon risasi tano mbele ya jengo la Dakota alikoishi Lennon, New York. Nne zilimpata. Chapman hakukimbia, polisi walimkuta palepale na riwaya hiyo. Nakala aliinunua siku ileile, akaandika ndani kwamba hayo ndiyo maelezo yake, kisha akatia saini ya Holden Caulfield, msimulizi wa riwaya.

Wengi huishia hapo wakasema kitabu kimeua. Lakini hebu panga matukio kwa tarehe. Bastola aliinunua Honolulu, jimboni Hawaii, Oktoba 1980. Akasafiri nayo hadi New York, akakwama kwa kukosa risasi, akaenda jimbo la Georgia kuzipata kwa mtu anayefahamiana naye. Akarudi Hawaii bila kutimiza azma yake, na Desemba akaja tena. Maandalizi ya wiki kadhaa namna hiyo si ya mtu aliyepandwa na kichaa baada ya kufunga ukurasa wa mwisho. Tena alikuwa na matatizo ya akili tangu zamani: 1977 alijaribu kujiua.

Na hasira yake dhidi ya Lennon, kwa maelezo yake mwenyewe, iliwashwa na kitabu kingine kabisa, cha maktaba, chenye picha za Lennon pale Dakota. Alichukizwa kuona aliyeimba kuhusu dunia isiyo na mali anaishi kitajiri. Riwaya ilimpa neno la kumbandika Lennon tu, “bandia”, maana Holden huwaona watu wazima wengi kuwa ni bandia.

Ushahidi tunaoupa uzito kuliko ile saini ni maneno yake mbele ya Bodi ya Parole, yaani bodi inayoamua kama mfungwa aachiwe mapema, iliyomkatalia zaidi ya mara kumi tangu 2000. Huko amerudia kwamba alitaka umaarufu, na 2010 alieleza kuwa orodha yake ya watu wa kuua ilikuwa na wengine, akiwemo mtangazaji Johnny Carson na mwigizaji Elizabeth Taylor. Kama Lennon angekosekana, angetafutwa mwingine. Salinger anaingiaje hapo?

SWALI: Sijaisoma. Kuna mauaji ndani yake? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hakuna. Holden ana miaka 16, amefukuzwa shule, anazurura New York siku chache kabla ya Krismasi huku akimlilia mdogo wake Allie aliyekufa kwa saratani ya damu. Anatania kwamba kofia yake ya kuwindia ni ya kuwindia watu, lakini hata kupigana ngumi anaogopa. Ndoto yake kubwa ni kusimama ukingoni mwa genge awadake watoto wanaocheza shambani wasije wakaanguka. Kifungu hicho ndicho Chapman alichosoma mahakamani tarehe 24 Agosti 1981, siku aliyohukumiwa kifungo cha miaka 20 hadi maisha. Alikisoma yeye, aliyemwacha Sean Lennon, mtoto wa miaka 5, bila baba. Sisi hatuoni usomaji mbaya kuliko huo.

SWALI: Mbona wahalifu wengine pia walikutwa nacho? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Wanaotajwa sana ni wawili. John Hinckley alimpiga risasi Rais Reagan tarehe 30 Machi 1981, na nakala ikapatikana katika chumba chake cha hoteli. Ila kilichomtawala ni mwigizaji Jodie Foster na filamu ya Taxi Driver. Robert Bardo, aliyemuua mwigizaji Rebecca Schaeffer mwaka 1989, naye alikuwa na nakala. Sasa pima: kitabu kimeuzwa nakala zaidi ya milioni 65, na kwa miongo mingi kimesomeshwa katika sekondari za Marekani. Pekua mabegi ya vijana wa kule, utakikuta kwa wema na wabaya. Pia kumbuka Hinckley alifyatua risasi miezi minne hivi baada ya kifo cha Lennon, wakati riwaya imeshatangazwa kila mahali. Kuiga muuaji aliyevuma ni hatari tunayoiogopa zaidi kuliko kuiga mhusika wa kubuni.

SWALI: Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu haachi riwaya moja, hata msalani anaingia nayo. Nimpokonye? (Mwalimu, Iringa)

JIBU: Hapana, mwalimu. Ukimpokonya umefunga mlango wa mazungumzo, na nakala nyingine ataipata. Kaa naye faragha, mwombe akuonyeshe ukurasa anaoupenda, umsikilize amalize. Kurudia kitabu mara kumi si dalili ya ubaya. Dalili ni hizi: anajiita kwa jina la mhusika na kukasirika akiitwa lake, halali, anajitenga na rafiki zake, anamtaja mtu halisi kwa chuki ileile kila siku. Muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru au kumdhuru mtu. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake: waite wazazi, apelekwe hospitali yenye huduma ya afya ya akili. Akitaja mtu na pia silaha atakayotumia, polisi wajulishwe siku hiyohiyo, na yule aliyetajwa aambiwe.