Popo Wekundu Kwenye Sahani ya Kaure

Nilipoanza kupenda vyombo vya kaure vya kale, niliwahi kuikataa sahani nzuri ya Kichina kwa sababu ya popo. Walikuwa watano, wekundu, wamelizunguka tunda la pichi. Mimi nimekulia pwani, na popo kwetu ni kiumbe wa mikosi. Nikamrudishia muuzaji sahani yake. Mpaka leo inaniuma.

Niliitazama picha kwa macho tu, kumbe picha nyingi za Kichina husomwa kwa sikio. Popo kwa Kichina ni fu, na neema nayo hutamkwa fu. Popo watano ni neema tano: umri mrefu, mali, afya, kupenda wema, na kufa kwa amani siku zikitimia. Hata wekundu wao una neno lake: hong, nyekundu, husikika sawa na hong ya kitu kikubwa mno. Pichi nalo ni tunda la maisha marefu. Katika hadithi zao, pichi za bustani ya Xiwangmu, malkia wa mbinguni, huiva mara moja kwa miaka 3,000. Sahani nzima ilikuwa dua!

Basi ukikutana na mnyama usiyemwelewa, kwanza uliza jina lake kwa Kichina. Samaki ni yu, na yu ni ziada, riziki inayobaki. Komamanga halihitaji sikio: limepasuka mbegu zikaonekana, mwenye chombo anaombewa watoto wengi.

Alama ya mfalme chini ya chombo isikupumbaze. Mafundi wa Jingdezhen, mji wa kaure wa China, wa zama za mfalme Kangxi (1662–1722) waliandika mara nyingi jina la enzi ya Chenghua, iliyokwisha mwaka 1487. Mtazame kwanza popo alivyochorwa, ndipo usome alama.

Na tafadhali, usisugue. Bluu ya kobalti imelala chini ya ule mng'ao wa kioo, haitoki. Nyekundu na dhahabu hupakwa juu yake, kisha chombo huchomwa tena kwa moto mdogo zaidi. Ukipitisha kidole, huenda ukazihisi. Maji ya uvuguvugu na kitambaa laini vinatosha. Bibi yangu alikuwa na bakuli lenye maua ya dhahabu, akiliweka kwenye zidaka. Nikiwa na miaka 12 nilitaka kumfurahisha, nikalisugua kwa waya wa sufuria. Ninalo sasa. Nikiliinamisha dirishani asubuhi, maua yale bado yanaonekana, kama kivuli.