Kabla ya Kupanda Boti, Uliza Habari za Kurudi

Wengi wanaokwenda kisiwani kwa siku moja huuliza boti inaondoka saa ngapi. Mimi siku hizi naanza na safari ya kurudi: wakati huo maji yatakuwa yamejaa au yamekupwa? Nahodha akijibu papo hapo, natulia. Akijikuna kichwa, natafuta mwingine.

Katika pwani nyingi bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo ratiba ya rafiki yako aliyekwenda wiki iliyopita haikufai kitu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana, kisha hupwa sana. Visiwa vidogo vingi vimezungukwa na kina kifupi, na boti uliyoiacha ikielea hatua chache tu kutoka ufukweni unaweza kuikuta imelala ubavu mchangani. Hapo hakuna wa kugombezwa, mtasubiri maji. Tena maji hayapwi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huondoka polepole, lakini ya tatu na ya nne hukimbia. Unaona miamba inachomoza mmoja baada ya mwingine na wewe bado unatafuta viatu.

Upepo nao una saa zake. Siku ya jua kali nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, basi mchana upepo huanza kuvuma kutoka baharini na mawimbi huamka. Ndiyo maana napenda kuondoka asubuhi na kuanza kurudi kabla alasiri haijachanganya.

Jaketi la kuokolea livae mkiwa bado gatini. Kaza mikanda, kisha mwombe mwenzako alivute juu mabegani. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa kwako. Mtoto lake liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Majaketi yakiwa machache kuliko abiria, mimi sipandi, hata kama wote wameshakaa na wananitazama kwa hasira.

Kama bahari hukuchafua roho, usikae omo, yaani mbele ya boti, kwa ajili ya picha, maana huko ndiko boti inakorukaruka zaidi. Kaa katikati au tezini, yaani nyuma, simu mfukoni, macho kwenye upeo wa bahari. Dawa ya kichefuchefu inywe kabla ya safari. Ukishaanza kutapika umechelewa.

Maji ya kunywa beba mengi kuliko unavyodhani, na shati la mikono mirefu, kwa sababu jua la baharini hukupiga pia kutoka chini.

La mwisho ni fedha. Toa nusu, nusu nyingine ibaki mpaka mguu wako ukanyage tena gati mliloondokea. Sijawahi kuona nahodha akisahau abiria anaowadai.