Kisu kidogo cha Kijapani: kinunue pamoja na jiwe lake la kunolea

Watu wakipata hela ya kisu cha Kijapani hukimbilia gyuto, lile kubwa la sentimita 21 na kuendelea. Mimi nakushauri uanze na petty. Ni kisu kidogo cha sentimita 12 hadi 15, chembamba, chenye ncha kali, na kazi zake ni zile zinazotaka utulivu wa mkono: kumenya tangawizi, kukatakata kitunguu saumu, kutoa mshipa mweusi mgongoni mwa kamba, kuondoa ngozi nyeupe ya chungwa bila kupoteza nyama yake. Jikoni kwangu ndicho kinachoshikwa kila siku. Kile kikubwa kinasubiri siku ya kabichi au tikiti.

Changu nilikinunua Sakai, kusini mwa Osaka, nilipokuwa naishi upande huo. Sakai wanajulikana kwa visu tangu karne ya 16, tumbaku ilipoingia Japani na watu wakahitaji kisu cha kukatia majani yake. Mpaka leo kazi wanagawana: mhunzi anafua, mwingine ananoa, mwingine anatia mpini. Kwa visu vingi vya kufuliwa, chuma kigumu hubanwa na chuma laini. Kiinamishe kisu kwenye mwanga utauona mstari vinapokutana, chini kung'avu, juu kama ukungu. Ule ukanda mwembamba wa chini ndio unaokata.

Ugumu huo ndio raha yake na ndio udhaifu wake. Makali yanadumu, lakini chuma hakikubali kupinda; ukikilazimisha kinamegeka. Kwa hiyo mifupa, nyama iliyoganda, nazi na kokwa la embe, tafuta kisu kingine. Usikichomeke kwenye boga ukakipindapinda. Katia kwenye ubao wa mti, kamwe si kwenye sahani, kioo wala marumaru. Na unapokomba vitunguu ubaoni, kigeuze utumie mgongo. Hili la mwisho wengi hawaambiwi, na linaua makali kimyakimya.

Dukani watakuuliza unataka chuma gani. Shirogami na aogami ni vyuma vya kaboni. Vinanoleka kwa urahisi na vinapata ukali wa ajabu, ila vinashika kutu. Ukikatia limau au kitunguu kitabadilika rangi kiwe cha kijivu au samawati. Hiyo isikutishe, wala usiisugue, kwa sababu rangi hiyo inakilinda chuma. Kutu ni ile nyekundu. Kikaushe palepale kabla hujaenda kula. Kama unaishi Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa yenyewe ina chumvi, chukua cha chuma kisichoshika kutu kirahisi, kama kile kiitwacho VG-10. Ukali unaoupoteza ni mdogo kuliko usumbufu unaouepuka.

Sasa jiwe, na hapa ndipo visu vizuri vingi vinapofia. Usikipitishe kwenye kile kifaa cha kuvuta, wala kwenye nondo ya kunolea ya wauza nyama. Nunua jiwe la maji, yaani la kunolea likiwa limelowa, la namba 1000; namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi. Kwa petty ya nyumbani linatosha kabisa, la 3000 au zaidi litakuja baadaye ukipenda. Kama ni jiwe la kulowekwa, liache majini mpaka viputo vikome. Laza kisu, kisha inua mgongo kwa pembe ya nyuzi 15 hivi. Kwa kisu chenye upana wa sentimita 3, hiyo ni karibu milimita 8. Sukuma na vuta, pembe isibadilike, mkono usikandamize. Yale maji ya kijivu usiyamwage, yananoa pia. Baada ya muda, gusa upande wa pili kwa kidole, ukitoka kwenye mgongo kuelekea nje: utahisi ukwaruzo mdogo umejikunja ukingoni kote, toka kitakoni, karibu na mpini, hadi nchani. Ukiuhisi, geuza unoe upande huo, malizia kwa kupitisha taratibu pande zote mbili. Kijaribu kwenye nyanya iliyoiva. Ngozi iachie bila wewe kuibonyeza.

Ukienda kununua, Sakai au mtaa wa Kappabashi pale Tokyo, omba ukishike kwanza. Kiinue usawa wa jicho utazame makali toka kitakoni hadi nchani, yawe yamenyooka. Bei ya jiwe iweke kwenye hesabu kabla hujachagua kisu, na siku ya kusafiri kipakie kwenye begi la kukabidhi uwanja wa ndege, si la mkononi.