Maji ya mwenzako yanaanzia wapi?

Mtu akianza kuvua kwa mshipi huuliza habari za ndoana, chambo na saa nzuri ya kwenda majini. Habari za kuvua huku umezungukwa na wenzako haulizi, na ugomvi mwingi ninaoushuhudia ukingoni huanzia hapo. Sheria zenye karatasi, za leseni, misimu na vipimo vya samaki, zina wa kuzisimamia na zina faini zake. Hizi ninazozisema hapa hazina askari. Ukizivunja hakuna atakayekukamata. Utasalimia watu uitikiwe kwa kuguna, na siku ukihitaji kuazima koleo kila mtu atakuwa kalisahau nyumbani.

Nimezijua kwa kukaa ukingoni na kutazama wakongwe wa kazi hii wanavyofanya. Kadiri ninavyovua ndivyo ninavyoona kwamba karibu zote ni matawi ya jambo moja: maji ya mvuvi hayapo pale alipokanyaga, yapo pale chambo chake kinapofanya kazi. Mtu anaweza kukaa juu ya jiwe moja dogo huku anatumia mita thelathini za mto. Ukimpita nyuma kwa adabu zote, ukamsalimu, kisha ukaenda kutega mita kumi chini yake, utajiona umempa nafasi kumbe umemkalia kwenye riziki.

Kwa hiyo usianze kwa kufungua mkoba. Simama kando, umtazame akirusha mara mbili tatu.

Kwenye maji yaliyotulia kazi hiyo ni rahisi. Fimbo zimelazwa kwenye vishikizo, mishipi imenyooka kuelekea mahali fulani. Fuata mishipi kwa macho, usifuate fimbo. Mara nyingi utakuta imekwenda mshazari, na ile sehemu unayoiona tupu upande wake wa kulia ndiyo hasa anayoivua. Tazama pia kama anamwaga chambo. Huyu ndiye ninayemwonea huruma kuliko wote. Ameanza mapema, anarusha vidonge vya unga na punje za mahindi kidogo kidogo palepale, hapati kitu, anaendelea, mpaka samaki wanaanza kukusanyika na vipovu vinapanda juu. Saa hiyohiyo anatokea mtu, anaviona vipovu, anatupa boya lake katikati. Hajavunja sheria yoyote ya nchi, lakini kwangu mimi huyo na anayevuna shamba la jirani ni mmoja.

Mtoni mambo hubadilika, maana maji yanatembea na mvuvi naye anatembea. Anayevua kwa boya hulitupa upande wa juu, huliacha lichukuliwe na mkondo hadi mshipi unyooke, ndipo avute na kurudia. Maji yake ni njia yote ya lile boya. Anayevua kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyopambwa ifanane na mdudu, huku akipanda kuelekea chanzo cha mto naye ana sababu yake: samaki kama trauti hukaa wameelekeza vichwa kwenye mkondo wakingoja chakula kiletwe, hivyo yeye huwajia kwa nyuma. Maji anayoyahitaji ni yale ya mbele ambayo bado hajayafikia. Ukimzunguka na kuingia juu yake, umemwachia maji uliyokwisha kuyavuruga, na tope la miguu yako litamfuata hukohuko chini. Ingia nyuma yake. Ukitaka kumpita, muulize anakusudia kufika wapi, kisha acha nafasi kubwa kuliko ile unayodhani inatosha.

Wavuvi wa samoni huko Uskoti na Kanada wana utaratibu ninaoupenda sana. Penye kina kizuri chenye watu kadhaa, anayefika huingia juu kabisa, nyuma ya wa mwisho. Kila mmoja anarusha, anauacha mkondo uzungushe nzi wake, anashuka hatua moja au mbili, anarusha tena. Akifika mwisho anatoka majini, anarudi juu na kushika foleni. Kila mtu anapata kila sehemu, pazuri na pabaya. Anayeharibu ni yule anayefika panaponoga akaota mizizi.

Ukiniuliza ziachwe mita ngapi kati ya mtu na mtu, sina jibu, na mwenye jibu moja la kila mahali simwamini. Ziwani penye watu watano tu, kumjongelea mtu mita ishirini ni ufidhuli. Gatini siku ya mapumziko, bega kwa bega ndiyo kawaida na hakuna wa kununa. Kwenye Mto Russian, Alaska, samoni wanapopanda kwenda kutaga, wavuvi hujipanga ukingoni karibu kugusana viwiko, na kinachowaokoa ni kurusha kwa mdundo mmoja: wanatupa, mishipi inashuka na mkondo sambamba, wanainua. Ukichelewa kidogo mshipi wako unalala juu ya mishipi ya wenzako. Penye msongamano wowote mambo ni hayo hayo, kila mtu aweke kando mbwembwe zake. Rusha mbele yako moja kwa moja. Tumia chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, yenye uzito kama wa majirani, la sivyo mkondo utausomba mshipi wako upite chini ya mishipi yao yote. Na tazama nyuma kila unapoinua fimbo. Ndoana ikishaingia kwenye sikio la mtu haina cha samahani.

Halafu kuna ile dakika ambayo mwenzako ananasa samaki mkubwa. Kuanzia hapo maji yake ni popote samaki anapokwenda. Fimbo imepinda, rili (kile kigurudumu cha kuviringia mshipi) inalia, mshipi unakata maji kuelekea upande wako. Usingoje uone kama utakufikia. Vuta wako utoke kabisa, maana kuinua ncha ya fimbo hakusaidii ikiwa mshipi wenyewe bado umelala majini mita nyingi kule mbele. Akilazimika kukupita ili amfuate samaki wake, keti chini, laza fimbo yako, mwache apitishe yake juu ya kichwa chako. Mshipi wake usiuguse hata kwa nia njema. Kupinda kwa fimbo na breki ya rili ndivyo vinavyomeza mshtuko samaki anapochomoka mbio. Ukiukaza kwa mkono, hakuna tena cha kuumeza, na unakatika hapohapo mbele ya macho yenu.

Wavu wa mkono nao usiuchukue mpaka uombwe, kwani wapo wanaotaka kumaliza kazi wenyewe. Ukiombwa, uzamishe, uutulize, mwache yeye amlete samaki juu yake kichwa kikitangulia, ndipo uinue. Kumkimbiza samaki na wavu ndiko kunakompa nguvu ya kukurupuka mara ya mwisho, na ukimgonga kwa ukingo wa wavu ndoana huchomoka. Nimeshuhudia urafiki wa watu wawili ukipoa kwa sababu ya wavu ulioinuliwa mapema mno. Na kama mwenyewe anakusudia kumwachia, acha samaki abaki majini ndani ya wavu wakati simu ya picha inatafutwa, na mlowanishe mikono kabla ya kumshika, kwa kuwa ule ute wa mwilini ndio kinga yake dhidi ya maradhi.

Mishipi kushikana hakuepukiki, kwa hiyo jifunze kuiachanisha bila maneno. Yaani bila maneno mengi: "Nadhani tumeshikana" inatosha, na ni kauli tofauti kabisa na "Umenishika." Wakivuta wote wawili fundo linakaza. Mmoja alegeze, afungue rili yake. Mwingine avute polepole mpaka fundo lije mkononi. Likifika, usianze kuchokonoa uzi. Tafuta ndoana na chubwi zako uzifungue kwanza, kwani vikitoka hivyo, mara nyingi uzi hupita wenyewe. Ikibidi kukata, kata wako. Kukata wa mwenzako bila kumuuliza hakuna kisingizio, hata awe ndiye aliyerusha vibaya.

Kuhusu kelele watu hubishana sana. Msimamo wangu ni kwamba maongezi ya kawaida hayasumbui, miguu ndiyo inayosumbua. Sauti ya hewani sehemu kubwa hurudishwa na uso wa maji, lakini kishindo cha kisigino ukingoni au chubwi iliyoangushwa kwenye sakafu ya mashua huingia moja kwa moja, na ndani ya maji sauti husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Samaki ana mstari ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji. Basi piga soga ukitaka, ila tembea taratibu, na usiende kusimama wima ukingoni kwa jirani kumwonesha picha za samaki wa jana huku kivuli chako kimelala juu ya boya lake. Usiku, tochi isimulike majini wala usoni mwa mtu. Wenye mashua wakae nje kabisa ya umbali ambao mtu wa ukingoni anaweza kurusha, na wapunguze injini mapema, kwa sababu mawimbi hufika hata baada ya mashua kusimama.

Siri nazo zina adabu yake. Mtu akikupeleka mahali pake, umepewa wewe, hukupewa ukoo wako wote. Usiweke mtandaoni picha yenye daraja au mti unaotambulika nyuma. Hata maswali yana ngazi zake: "Wanakula?" ni salamu, mtu yeyote anaruhusiwa. "Unatumia chambo gani?" linafaa mkishazoeana kidogo. "Hapo kina kiasi gani, umetega umbali gani, na kesho utakuwepo?" ni upelelezi. Vilevile usimfundishe mtu ambaye hajakuomba. (Najua, nami nimekaa hapa kutoa ushauri, lakini wewe umekuja kusoma mwenyewe.)

Juu ya taka sina mengi, kila mtu anajua. Ila nailoni naitaja peke yake kwa sababu wengi wanaiona kitu kidogo. Uzi wa kuvulia unakadiriwa kudumu miaka kama 600 majini, na muda wote huo unafunga miguu ya ndege na kunasa ndoana za wengine. Uingereza ilipiga marufuku chubwi nyingi za madini ya risasi mwaka 1987 baada ya bata-maji kuzimeza na kufa kwa sumu. Uzi uliokatika uviringe vidoleni, uurudishe mkobani, pamoja na ule ulioukuta.

Sasa aliyekuingilia utamwambiaje? Kwanza chukulia hajui, na mara nyingi kweli hajui, kwa sababu anaona ulipokaa haoni unapovua. Sianzi kwa kumkataza, naanza kwa kumwonesha: "Ndugu yangu, mshipi wangu umekwenda kule, karibu na yale matete. Ukirusha kuanzia kwenye lile gogo kwenda kushoto, hatutashikana." Mtu akionyeshwa penye nafasi yake husogea bila kuona amefukuzwa. Akiwa mkubwa kwangu natanguliza shikamoo, na sauti naishusha zaidi. Wapo wanaojua na wanafanya makusudi. Hao nawaachia, nahama. Rafiki yangu mmoja huniambia kuhama ni kuwapa ushindi. Labda, lakini mimi nilikwenda kuvua.

Na wewe ukiwa wa kuondoka, huku kuna anayesubiri mahali pako, mwambie kabla hujavuta mshipi wa mwisho, asije akakata tamaa akaenda kwingine. Mwoneshe lile gogo lililozama ambalo linakula ndoana, na kama ulimwaga chambo, mwambie ulikimwaga wapi.