Anza na mkono wa kushoto

Mara ya kwanza niliposikiliza albamu ya piano tupu, bila ngoma wala mwimbaji, nilivumilia dakika nne. Ilikuwa "African Piano" ya Abdullah Ibrahim, mpiga piano wa Cape Town ambaye zamani alijulikana kama Dollar Brand. Niliifungua kwenye simu huku nakata mchicha. Nikasikia noti za juu zikidonadona, na nyuma yake watu wakizungumza. Nikazima.

Tatizo lilikuwa spika. Spika ya simu haitoi sauti nene, na kwenye albamu hii mambo makubwa yako huko chini. Siku niliyovaa hedifoni, kipande cha kwanza, "Bra Joe from Kilimanjaro", kilikuwa kitu kingine kabisa. ("Bra" ni "kaka" wa mitaani kule Afrika Kusini. Jina la mlima wetu ndilo lililonirudisha, nakiri.) Mkono wa kushoto unashika mzunguko mmoja mfupi na kuurudia, mzito kama gitaa la besi la bendi ya dansi, kwa dakika zaidi ya 10. Wa kulia ndio unaozurura juu yake.

Kwa hiyo ushauri wangu: mara ya kwanza fuata mkono wa kushoto peke yake. Uimbe kwa mdomo uliofumba mpaka uweze kuuendeleza hata ukisimamisha muziki. Hapo sasa liache sikio lipande juu. Ukianza na mkono wa kulia utapotea kama nilivyopotea mimi.

Ukiwa umelelewa na kwaya, una msaada mwingine. Bibi yake Ibrahim alikuwa mpiga piano wa kanisa la AME (African Methodist Episcopal), na zile "chords" za tenzi, noti kadhaa zikipigwa kwa pamoja, hazikumtoka mjukuu. Ibrahim alisilimu mwaka 1968. Albamu hii ilirekodiwa mwaka uliofuata, na tenzi bado zimo. Kila zinapopita natulia.

Usirukeruke, na zima kitufe cha kuchanganya nyimbo. Haya yalipigwa mbele ya watu, tarehe 22 Oktoba 1969, katika klabu ya Jazzhus Montmartre jijini Copenhagen, na kipande kimoja kinamwagikia kingine bila kupumzika. Ile minong'ono ya wateja, iliyonikera mwanzoni, sasa siwezi kuikosa. Ibrahim aliondoka kwao mwaka 1962, na hapa anawapigia wageni mbali sana na nyumbani.

Ndiyo maana nasisitiza ufike kwenye kipande kiitwacho "Kippy" kwa kupitia vipande vilivyotangulia. Ni heshima kwa Kippie Moeketsi, mpiga saksafoni aliyekuwa naye katika bendi ya jazi ya Jazz Epistles, kule Afrika Kusini. Moeketsi alibaki Afrika Kusini. Baada ya mizunguko yote ile ya besi, hapa mikono inapunguza mwendo, na mimi huacha chochote ninachofanya.